Mama Alikwisha Kukupisha, Shemeji

Shemeji,

Barua hii haina shikamoo. Nimeianza mara kadhaa, na kila mara kalamu ilikwenda yenyewe kwenye shikamoo kwa mazoea, nikachana karatasi. Sasa nimeona nitangulize lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, si dada Robi, si Mama, wala msichana ninayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa bwenini: nakudharau. Sikuchukii. Chuki ningeielewa. Huku kwetu watu huchukiana kwa ajili ya ng'ombe, wakapatanishwa, wakanywa pamoja. Hii yangu ni dharau, tena ya mtoto kwa mtu mzima, kitu ambacho nililelewa nikiamini kwamba hakiwezi kuingia moyoni mwa msichana aliyefunzwa vizuri. Kimeingia, na kimekaa.

Barua naipeleka bila kuifunga. Yule mama aletaye sabuni kutoka Sirari, kule mpakani, ataibeba, na akitaka kuisoma njiani aisome. Akitaka kuwasomea abiria wenzake, nao wasikie. Wewe uliyasema ya kwako mbele ya watu, na mimi yangu sitayasema kwa kunong'ona.

Ni huyohuyo aliyetuletea salamu zako. Aliketi uani kwetu, akavua viatu, akaomba maji, akaanza: "Chacha anawasalimu wote. Kazi ya huko ni nzuri, barabara ni lami tupu, amenenepa. Halafu anasema, mwambieni mama mkwe asijilaumu tena. Yeye amekwisha kumsamehe."

Amekwisha kumsamehe! Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya mgeni, nikakiweka chini ili nisikitupe. Mama alikuwa akichambua mchicha. Akauweka kando. Akasema, "Mungu amzidishie," na machozi yakamtoka, akaingia ndani, akarudi na jogoo mwekundu, yule mkubwa, amefungwa miguu tayari. "Mpelekee," akasema. "Mwambie nimeshukuru." Natumaini jogoo alikufikia. Natumaini pia alikuwa mgumu, na kwamba nyama yake bado imekwama kwenye meno yako.

Nilipomwona yule jogoo akitoka getini kichwa chini, nilijua nitakuandikia.

Nakumbuka siku uliyokuja kwetu na kile kijitabu cha sheria za barabarani. Ulikuwa utingo wakati ule, ukining'inia nyuma ya magari ya watu. Kijiji kilikuwa kimeahidiwa lori, na Mwenyekiti alikuwa amekwambia kwamba ukipata leseni utaliendesha wewe. Kusoma ulijua, ila ulisoma kama mtu anayetembea peku penye miiba, neno moja kisha unasimama. Dada Robi akacheka, akasema, "Mpe huyu mdogo wangu akusomee. Huyu hata karatasi iliyofungiwa chumvi lazima aisome kwanza." Nilikuwa darasa la saba. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, lakini nikakipokea kitabu kwa mikono miwili.

Tulikaa uani, wewe juu ya kinu kilichopinduliwa, dada akipukuchua mahindi, mimi nikisoma kwa sauti. Mama hakutokea. Ulikuwa umekwisha kuleta ng'ombe wa kwanza, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hutoka njiani akajificha mpaka mwenzake apite. Hawashikani mikono, hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo Mama alishinda jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, akikupikia, na kila alichotaka kukuuliza kilipitia kwangu.

"Muulize mkwe kama mlenda umekolea chumvi."

"Shemeji, mlenda umekolea chumvi?"

"Mwambie Mama umekolea vizuri sana."

"Mama, umekolea."

Na sote tulikuwa tumesikia tangu mwanzo, na dada Robi alikuwa akijiziba mdomo kwa kanga asicheke. Nilikupenda kwa uvumilivu ule. Nilidhani ni heshima.

Tulichora njia panda ardhini kwa kijiti, na magunzi ya mahindi yakawa magari. Gunzi jekundu lilikuwa lori lako. Mimi niliuliza, wewe uliendesha.

"Dereva anayetaka kuingia kulia hufanya nini?"

"Hunyosha mkono wa kulia nje ya dirisha. Husogea katikati ya barabara. Hungoja anayekuja mbele yake apite. Hufika katikati ya njia panda, ndipo hugeuza."

"Na akikata kona kabla ya kufika katikati?"

"Ataingia upande wa mwenzake."

"Na upande wa mwenzake kuna nini?"

"Kuna mwenzake!" ulipiga kelele, ukaligonga gunzi langu kwa gunzi lako mpaka likaruka kwenye majivu, na sote tukacheka. "Profesa, uliza lingine!"

Jina hilo la Profesa ulinipa wewe. Ulipofaulu mtihani kule Musoma uliniletea chupa ya wino wa buluu, ukaniambia mbele ya watu kwamba leseni ile nusu ni yangu. Sikulala vizuri kwa furaha. Niliomba Mungu dada asije akabadili mawazo.

Nakukumbusha haya ili usije ukasema hukujua. Wapo madereva ambao hawakufundishwa. Wewe ulijua kila mstari. Nilikuwa nakuuliza usiku wa pili na wa tatu, ukajibu bila kukosea hata neno.

Kisha lori likaja, na njia panda tuliyoichora uani ikawa njia panda ya kweli, pale penye mashine ya kusaga, barabara ya kijijini inapokutana na ile inayotoka Tarime mjini. Sisi wanafunzi tulipaka kibao rangi nyekundu, tukaandika SIMAMA kwa herufi nyeupe, tukakichimbia kwenye mdomo wa barabara ya kijijini, ili anayetoka asimame atazame kwanza. Mwalimu alisema ni elimu ya kujitegemea. Herufi ya kwanza niliipaka mimi.

Mara moja alikuja trafiki, siku ya gulio, amevaa glavu nyeupe, akasimama katikati ya njia panda. Siku hiyo ulikuwa malaika. Uliendesha kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni. Alipoinua kiganja ulisimama. Alipokupungia ulikwenda. Ulinyosha mkono hata pale usipogeuza, ukangoja mpaka mbuzi wakamaliza kuvuka. Alipopanda basi na glavu zake kurudi mjini, ulipiga honi mara moja ya kumcheka, na kabla vumbi la basi halijatua ulikuwa umekwisha kukata kona kwa upande wa kulia, kama ulivyoikata kila siku.

Nilikuwa ndani ya lori lako siku uliyonipeleka mjini na sanduku langu, nikianza kidato cha kwanza. Tulipofika penye kibao hukupunguza hata mwendo. Nilisema, kwa ile sauti yangu ambayo huwa inaishia kwenye meno, "Shemeji, simama."

"Kuna nini?"

"Kimeandikwa simama."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Profesa, kile ni kibao cha watoto wa shule. Mimi nasimama kwa serikali."

"Lakini kitabu kilisema..."

"Kitabu hakina gia. Nikisimama pale, nikaanza tena na gia ya kwanza, ni mafuta ya kijiji hayo yanaungua. Unataka nihujumu ujamaa?"

Utingo wako akacheka. Nikatazama sanduku langu. Ndivyo ulivyokuwa: kila uvivu wako ulikuwa na jina zuri. Kukata kona kulikuwa kubana matumizi. Kutosimama kulikuwa kuwahi kazi ya umma. Na mkono wako ulitoka dirishani kutwa nzima, kusalimia wasichana, kutupa maganda ya miwa, kupiga mlango wa lori kama ngoma. Kazi moja tu ndiyo uliyousahaulisha, kumwonyesha mtu unakokwenda.

Aliyekukera alikuwa Mzee Koplo. Alimkera kila mtu, nakubali. Alikuwa Keya zamani, askari wa Waingereza, akapigana nchi za mbali, akarudi na koti moja na amri moja: "Shika kushoto!" Aliwaambia watoto, aliwaambia wanawake wenye ndoo vichwani, aliwaambia mbuzi. Juu ya baiskeli yake alinyosha mkono hata anapoingia nyumbani kwake mwenyewe, penye uwanja usiokuwa na mtu isipokuwa kuku. Watoto walimfuata wakinyosha mikono nyuma yake. Wewe ulikuwa ukimpita karibu makusudi ili atetemeke, halafu unachungulia nje: "Jambo afande!"

Sasa nifike kwenye siku ile. Wewe umekwisha kuieleza mara nyingi, nawe una sauti nzuri. Ngoja nieleze mimi.

Ilikuwa Jumamosi, likizo ya Juni. Mimi na Mama tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga na debe letu. Lori lako lilisikika likishuka mlima kutoka upande wa mjini, bado mbali, na yule mama anayeuza karanga pale mlangoni akamwambia Mama, "Mama Robi, mkweo huyo! Kimbia, asije akakukuta na unga usoni!" Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, akaniachia debe, akakusanya upindo wa kanga, akazunguka nyuma ya ukuta wa mashine, kule kwenye rundo la pumba. Akaketi. Nilimwona akiketi. Kutoka barabarani hakuonekana hata kidole. Mimi nilibaki kwenye kona ya ukuta.

Mzee Koplo alikuwa akitoka kijijini na baiskeli yake. Alishika kushoto. Alipofika kwenye kibao chetu alisimama, mguu mmoja chini, mkono wa kushoto umenyooka kama ubao, akatazama kulia. Alikuwa amesimama, Shemeji. Mtu pekee katika kijiji kizima aliyewahi kukitii kile kibao, na ulimkuta anakitii.

Ulikuja. Mkono wako ulikuwa nje umeshika muwa. Hukufika katikati. Ulikata kona kwa mkato uleule wa kila siku, ukaingia upande wa kulia, upande wa mwenzako, na kule kulikuwa na mwenzako.

Sitaandika sauti ile.

Uliteremka, na neno lako la kwanza kwa mtu aliyelala chini na mguu umepinda mahali pasipo na goti lilikuwa, "Mzee, umefuata nini huku?" Nililisikia. Watu wakaja wakikimbia, wengine na unga mikononi. Mtu alipiga yowe, na Mama aliposikia yowe alisahau yote, akatoka nyuma ya ukuta mbio, akapiga magoti, akakiweka kichwa cha Mzee Koplo mapajani. Hapo ndipo ulipomwona. Hapo, si kabla. Ukageuka haraka, ukajifunika uso kwa kofia kama mkwe mwema. Lakini mimi nilikuwa upande uliogeukia, nami niliuona uso wako kabla kofia haijaufunika. Nilikwisha kuuona uso ule uani kwetu, kila ulipopata jibu la swali gumu.

Ukasema, mgongo umewaelekea watu, "Ningefanya nini jamani? Mama mkwe alikuwa pale kushoto, kwenye kona. Nimpite karibu namna ile? Nimkanyage kwa macho yangu?"

Watu wakasema, "Aaa." Nilisikia hasira yote ikiwatoka kama upepo kwenye tairi. Mzee mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu bado namwamkia, akatikisa kichwa kwa kukusifu. "Huyu kijana ana adabu," akasema. "Wa siku hizi wangempita tu, tena na honi."

"Mura huyu, kijana wetu, amelelewa," akasema mwingine.

Na Mama, kichwa cha mgonjwa mapajani, alikaa kimya. Angesema nini? Hawezi kusemezana nawe. Hawezi kukutazama na kukwambia mwongo. Ile heshima iliyomfunga mdomo ndiyo uliyosimama juu yake kusema uongo wako, na ulijua hatakujibu. Ungemsingizia mtu yeyote pale, angekujibu: muuza karanga angekujibu, mimi labda ningekujibu. Ukamchagua mtu mmoja tu ambaye mila imemkataza. Hapo ndipo dharau yangu ilipoanzia, kama unataka kujua mahali.

Trafiki alikuja alasiri. Kabla yake ng'ombe walikuwa wamepitishwa kwenda josho, kwa hiyo alama za matairi zilikuwa zimegeuka kwato na kinyesi. Wazee wakamwambia ni jambo la nyumbani, la mtu na mkwewe, watalimaliza wenyewe. Akaandika kidogo, akala karanga, akaondoka. Likizo ikaisha, nikarudi shuleni. Nilidhani wakubwa waliokuwapo wataona haya wenyewe.

Hawakuona. Nimerudi Desemba hii nikakuta mambo yamekwisha kupangwa. Mzee Koplo anatembea na gongo, mguu umeunga vibaya, na akimkuta mtu humshika shati: "Nilikuwa kushoto!" Watu humwambia, "Kushoto kwako ndiko kumekuvunja, mzee. Usingesimama ungekuwa umekwisha kupita." Husema hivyo wakicheka, wakiwa na akili zao timamu. Kibao chetu kimeng'olewa, kinafunika pipa la maji nyumbani kwa Mwenyekiti. Wewe uliaga kwamba unakwenda ng'ambo kutafuta rejeta ya lori, ukaipata kazi badala ya rejeta. Dada Robi yuko kwetu na mtoto. Dereva mpya anakata kona kama ulivyoikata wewe, maana alikuwa utingo wako na ndivyo alivyojifunza.

Na Mama hapiti tena njia panda. Akienda kusaga anazunguka nyuma, anapita kwenye lile bonde lenye tope, debe kichwani, kanga imelowa mpaka magotini, halafu anapanda kile kilima chenye mawe, kwa sababu huku mbele wanawake humtania, na wengine hawatanii. Nilipomwuliza alisema, "Labda nilichelewa kujificha. Labda upindo wa kanga ulionekana."

"Mama, nilikuwepo. Uliketi kwenye pumba, lori bado liko mlimani."

"Wewe ni mtoto. Hujui alichokiona yeye kule juu alikokaa." Akajitwisha debe. "Mguu wa mzee wa watu, mwanangu. Kila nikimwona na lile gongo nasema ni mimi."

Huyo ndiye uliyemsamehe.

Nimejaribu kukutetea kichwani mwangu, Shemeji, kwa sababu ya ile chupa ya wino. Nimejiambia uliogopa. Kila mtu huogopa, mimi huogopa hata kuomba chumvi dukani. Lakini mwoga akishasalimika hutulia. Wewe ulivuka mpaka, ukanenepa, ukakaa, ukafikiri, kisha ukamtumia Mama msamaha. Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza hukuitumia. Nafikiri siku hizi unaamini mwenyewe. Nafikiri unawasimulia madereva wenzako huko kwamba uliwahi kugonga mtu kwa ajili ya heshima, na wanakununulia chai.

Huko nasikia kwenye miji mikubwa kuna taa zinazosimamisha magari, nyekundu na kijani, bila mtu. Najua utazitii, maana taa hailali na trafiki anaweza kuwa nyuma yake. Utanyosha mkono, utangoja, utasifiwa. Sitashangaa. Kusimama mbele ya kinachoweza kukufunga ulikuwa ukiweza tangu zamani. Kilichokushinda ni kusimama mbele ya kibao cha watoto.

Sitakuandikia tena. Mtoto wako ana afya, ameota meno, na nitamfundisha kusoma mimi. Ukirudi utanikuta nakupa kiti na maji, kwa sababu ya dada. Shikamoo nyingine usiitegemee. Sasa nakueleza tu nilichofanya, ili usikisikie kwa watu kikiwa kimetiwa chumvi.

Jumamosi iliyofuata salamu zako kulikuwa na mkutano wa kijiji katika ghala la mazao. Mwenyekiti alileta pendekezo: kwamba wanawake wenye wakwe madereva wasikae wala kupita njia panda saa ambazo lori linatazamiwa. "Ni kwa usalama wao na wa umma," akasema. Wanaume wakaitikia kwamba ni jambo la busara. Mzee Koplo akagonga gongo sakafuni. "Nilikuwa kushoto!"

"Tunajua, Koplo, tunajua," wakasema, na ghala likacheka.

Nilisimama. Mdomo nilioufungua haukutoa kitu. Kwa hiyo sikusema. Nilikwenda mbele, nikapiga magoti, nikachora njia panda kwenye saruji kwa chaki, nikatoa magunzi kwenye mfuko. Gunzi jekundu nililiweka upande wa mlima. Jingine nililisimamisha penye kibao. Ukuta wa mashine nikauchora kwa mstari mzito, na nyuma yake nikaweka haragwe.

"Binti wa nani huyu? Anacheza nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Wa Mama Robi. Yule anayesoma."

"Binti, hili ni shauri la heshima, si la barabara."

Ndipo sauti ikaja, ndogo, lakini watu walikuwa wamenyamaza kwa kushangaa. Nikaonyesha haragwe. "Huyu ni Mama. Alikwisha kumpisha Shemeji, na lori liko hapa juu. Heshima yake aliimaliza hapo. Aliyebakiwa na kupisha ni Shemeji." Nikalisukuma gunzi jekundu mpaka kwenye kona, nikalikatisha lilivyokatishwa, likaligonga gunzi lililosimama.

Mwenyekiti akasema mtoto hawezi kuwa shahidi wa nyumbani kwao. Nyuma kabisa muuza karanga akasimama na kikapu chake. "Anasema kweli. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Robi akimbie. Lori lilikuwa bado mlimani, hata vumbi halijaonekana."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Mliniuliza?"

Wanawake wengine waliokuwa kwenye foleni siku ile nao wakaanza kusema, wote kwa pamoja. Mwenyekiti akaahirisha mkutano. Pendekezo halikupita, wala halikukataliwa. Nilikusanya magunzi yangu. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mkono mdomoni, akilitazama lile haragwe lililobaki sakafuni. Alikwenda akaliokota mwenyewe, akalifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni nilikwenda kwa Mwenyekiti, nikamwamkia mkewe, nikaomba kibao. Akanipa, akafunika pipa kwa ungo. Nikakichimbia tena njia panda, Mzee Koplo amesimama na gongo lake akinipigia kelele kwamba kimeinama, kimeinama, mpaka kikanyooka, nikashindilia mawe.

Asubuhi yake Mama alijitwisha debe, akaelekea njia ya bondeni. Nikamwita. Akageuka, tukapita ya mbele. Tulipofika njia panda lori lilisikika mlimani, na Mama kwa mazoea akaanza kuuzunguka ukuta. Nikamwambia, "Mama, huyo si mkwe wako." Akarudi, akasimama kando yangu. Lori likaja, likakata kona vilevile, likapita.

Vumbi lilipotua nilimshika mkono tuvuke. Akauondoa taratibu, ashike debe vizuri. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena.

"Nani kakufundisha hayo?" nikamwuliza.

"Si ninyi wawili?" akasema. "Nilikuwa jikoni."

Tukavuka, tukaingia foleni.

Mdogo wa mkeo,
uliyekuwa ukimwita Profesa.